Malkia wa Kiingereza Twawajua, Wetu Tumewatosa Baharini

Kila mwenye kupita Barabara ya Moi hapa Mombasa amepita chini ya zile pembe kubwa za bati zilizokutanishwa ncha. Wageni hupigwa picha hapo, na sisi wenyeji twazipita bila ya kuinua uso. Pembe hizo zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za mabinti wawili wa mfalme wa Kiingereza, Elizabeth na mdogo wake Margaret. Elizabeth, kama ijulikanavyo, alipanda katika nyumba ya juu ya mti karibu na Nyeri mwezi wa Februari 1952 akiwa binti wa mfalme, akateremka akiwa malkia, kwa kuwa babake alifariki usiku huo. Sina ugomvi na pembe hizo. Zimekwisha kuwa alama ya mji, na mji una haki ya kupenda alama zake. Nimezitaja kwa sababu ya maneno yaliyopita baina yangu na binti wa ndugu yangu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye kwao ni Kongowea.

Alikuja kunitazama nyumbani Kisauni, na baada ya chai akaniuliza, "Ami, wamjua Anne Boleyn?" Nikamjibu kuwa namjua. Hapo akanimiminia habari zote za Mfalme Henry wa Nane na wake zake sita: nani aliachwa, nani alikatwa kichwa, nani alikufa kitandani, nani alinusurika. Alikuwa ameona mchezo wa televisheni, kisha akaenda kusoma mwenyewe. Nilifurahi, kwani mtoto apendaye tarehe ni mtoto wa kuombewa dua. Nikamwambia, "Vyema. Sasa nambie wewe, Mwana Mkisi alikuwa nani?"

Akafikiri kidogo. "Mkisi? Ami, huyo ni mtu wa Kisii?"

Ndugu msomaji, nilicheka, lakini kicheko chenyewe hakikushuka vizuri. Msichana huyu alala na kuamka Kongowea. Kila siku husikia utingo wa matatu wakilipigia kelele jina hilo tangu mjini hadi sokoni. Na wazee wetu wa Mombasa wapokezana kwamba Kongowea ni miongoni mwa majina ya kale ya mji huu, na kwamba zamani, kabla ya Shehe Mvita aliyeupa mji jina lake la pili, mwenye mji alikuwa mwanamke, na jina lake Mwana Mkisi. Ziko koo kongwe katika Thenashara Taifa zinazojinasibisha naye hata leo. Wasemao hawaafikiani kama alikuwa Muislamu au la, na wengi huona kuwa kuingia kwa Shehe Mvita ndiko kuingia kwa utawala wa Kiislamu. Lakini hakuna ahitilafianaye na mwenziwe kwamba mlango wa kwanza wa tarehe ya mji huu umeshikwa na mwanamke. Huyo hakusimamishiwa pembe.

Simlaumu mtoto. Swali nililobaki nalo usiku ule ni jingine: kwa nini mwanamke aliyekufa London mwaka 1536 yu hai katika kichwa cha mtoto wa Kongowea, na Mwana Mkisi amekufa kabisa? Wengi watasema ni ukoloni. Ni kweli, na sitapoteza wino kuyakariri. Lakini nimefikiri sana na naona ukoloni ni nusu ya jawabu. Nusu ya pili ni karatasi.

Watazame hao mabibi wa Kiingereza. Maisha yao hayakuwa ya kutamanisha hata kidogo. Anne Boleyn alikatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536 kwa amri ya mume wake mwenyewe. Jane Grey alitangazwa malkia na wakubwa wa ukoo wake akiwa kijana asiyefika miaka ishirini, akakaa siku tisa tu, kisha Februari 1554 akauawa katika ngome ya London. Mary, malkia wa Waskoti, alifungwa na nduguye Elizabeth wa Kwanza miaka kiasi cha kumi na tisa, mwisho naye akakatwa kichwa mwaka 1587. Walikuwa wakiozwa kama mtu awekavyo rehani shamba. Hata katika karne ya kumi na tisa, wakati Malkia Victoria anatawala nusu ya dunia, mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa mali yake ilikuwa mkononi mwa mumewe, isipokuwa matajiri waliofanyiwa hila za kisheria na baba zao. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizoanza kumrudishia chake. Sisi, kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, mwanamke alikuwa amekwisha kurithi na kumiliki kwa jina lake zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya hapo. Binti wa Sayyid wa Unguja alikuwa na shamba lake na minazi yake, na mume hana neno.

Lakini wale walikuwa na kitu kimoja. Walifunzwa kuandika, na walioandikiwa waliweka. Barua za mapenzi ambazo Henry alimwandikia Anne zingalipo hadi leo, zimo katika maktaba ya Vatican. Kitabu cha sala cha Jane Grey, alichokiandika maneno ya kuagana pembezoni mwa kurasa, kimo katika maktaba kuu ya Uingereza. Barua ya Mary aliyoiandika usiku wa kuamkia kuuawa kwake imo katika maktaba ya taifa ya Scotland. Mwanamke akakatwa kichwa, na sauti yake ikabakia. Basi mtunzi wa mchezo wa televisheni, baada ya miaka mia nne na zaidi, ana pa kuanzia.

Hapa nataka nimtaje mwanamke wa kwetu, kwa sababu habari yake yapita mlangoni pangu. Namkusudia Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, babake Sayyid Said bin Sultan, mamake suria wa Kicherkesi. Watoto wa jumbani, wanawake kwa wanaume, walisomeshwa Kurani. Lakini kuandika, hilo lilikuwa la wavulana tu. Salme, kwa alivyosimulia mwenyewe, alijifunza kwa siri: akichukua mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa kama ubao wa watoto wa chuoni, akinakili herufi za msahafu moja moja mpaka mkono ukazoea. Walipojua, walimsema.

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 watoto waligombana. Majid alishika Unguja, na Barghash akamwonea gere. Mwaka 1859 ikapangwa njama ya kumpindua Majid, na waliokuwa mbele ndani ya njama hiyo walikuwa wanawake, khasa Khole, binti aliyependwa sana na babake. Barua zilihitaji mwandishi wa kuaminika. Nani ajuaye kuandika ndani ya nyumba za wanawake? Ni Salme, naye ana miaka kumi na tano. Barua za fitina ile zilitoka kwake, usiku. Barghash alipozingirwa nyumbani, dada zake walimtoa akiwa amevaa mavazi ya kike mbele ya macho ya askari. Vita vikapiganwa katika shamba la Marseilles, Waingereza wakaingia upande wa Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Mambo haya yalitokea Unguja, si London, na hayana upungufu wowote mbele ya yale ya Henry. Laiti mtoto wetu angeyaona yakichezwa!

Yaliyofuata ni mazito kwa msomaji Muislamu, nami sitayapitia mbali. Salme alijuana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akachukua mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867, akaenda Hamburg akiitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na gari la reli ya mjini akafa, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi asiyokuwa na ndugu. Wako wasemao jina lake lisitajwe kwa kuwa ameiacha dini. Mimi nasema hukumu ya aliyekufa iko kwa Mola wake. Kusoma habari za mtu si kumpa mkono wa baia.

Na hapa ndipo ajapo karibu na kwangu. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye Sayyid wa Unguja, alikwenda London akapokewa kwa heshima zote, hata na Malkia Victoria. Salme alifunga safari kutoka Ujerumani kumwandama, apate kusikizana na nduguye na kudai urithi wake. Aliyemzuia, kwa maelezo yake mwenyewe, ni Sir Bartle Frere, yule yule aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Barghash juu ya biashara ya watumwa. Alimwambia achague: aonane na nduguye, au awaache Waingereza wawaangalie watoto wake. Mama akachagua watoto. Barghash akaondoka London, na ahadi ikafa, ikisemwa kwamba yeye ni raia wa Kijerumani.

Miaka hiyo hiyo, wamishenari walinunua ardhi hapa Kisauni kuwaweka watumwa waliokombolewa, wakapaita pahala hapo Freretown kwa jina la bwana huyo huyo. Kengele waliyoitundika ya kuonya watu wakijiwa na washika watumwa ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Kila jioni nashuka matatu pale. Frere alitenda jambo jema kwa watumwa, na wajukuu wao ni jirani zangu, sina la kulipunguza hilo. Lakini kati ya wote wanaoshuka nami Kengeleni, ni wangapi wajuao kwamba mwenye jina hili alikutana na binti wa Sayyid Said katika mji wa London na kumgeuza njia?

Na mimi je, nimejuaje? Nimejua kwa sababu Salme aliandika. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mfupa wa ngamia ulizaa kitabu. Khole hakuandika, basi Khole twamjua kwa ulimi wa mdogo wake tu. Waliobaki, mabinti kwa makumi waliojaa Mtoni na Beit al-Sahel, wenye mashamba yao na fitina zao na mashairi yao, wamekwenda kimya. Salme alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na wakamtia kaburini kifuko cha mchanga wa Unguja alichokuwa akikiweka tangu alipoiaga nchi.

Najua wako watakaonambia: bwana mshairi, umetuletea mambo ya utawala wa wanawake, na hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, juu ya watu waliompa mwanamke uongozi yajulikana. Yajulikana, na maelezo ya wanazuoni juu yake yajulikana pia. Mimi si mtoa fatwa, nilikhitimu chuoni kwa maalim wangu na hapo nikakoma. Lakini msahafu nausoma. Katika Surat An-Naml, Mwenyezi Mungu atusimulia habari za malkia wa Sabaa, ambaye wafasiri wamwita Bilqis. Kisa chake chaanza na barua. Hud-hud ampelekea barua ya Nabii Sulaiman, naye aisoma, awaita wakubwa wake, aitaka shauri yao, na wao wamwachia yeye uamuzi. Tena yeye ndiye aonaye mbali kuliko wao waliojisifu kwa nguvu, kwani ajua wafalme wakiingia mji hufanya nini. Mwisho wake asilimu. Kama kumtaja mwanamke aliyetawala kungekuwa ni makosa, kisa hiki kisingesomwa misikitini. Mimi sisemi turudi tukawatawaze. Nasema walikuwako.

Walikuwako, na si Mwana Mkisi pekee. Waarabu wa Omani walipoizingira Ngome ya Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, mtawala wa Unguja alikuwa mwanamke, Fatuma binti Hasan, na alikuwa akiwapelekea Wareno vyakula. Omani waliposhinda, alipelekwa kwao uhamishoni, baadaye akarudishwa. Wapo wamwonao msaliti kwa kuwasaidia Makafiri. Huenda. Lakini kila mwenye kisiwa kidogo baina ya wakubwa wawili huwa na mahesabu yake, na wanaume wa Faza, Waislamu watupu, walikuwamo ndani ya Ngome ile ile wakipigana upande wa Wareno. Hao hakuna awatajaye kwa ubaya. Pate nayo ilitawaliwa na Mwana Khadija katika miaka ya 1760 na 1770, wakati wa vita vya ndugu kwa ndugu. Mwali, huko Ngazija, Jumbe Fatima alirithi ufalme mwaka 1842 akiwa mtoto, akatawazwa 1849, na mwaka 1865 akamtilia saini Mfaransa Lambert mkataba uliompa huyo ardhi tele ya kisiwa. Binti yake Salima Machamba, malkia wa mwisho, aliolewa na askari wa Kifaransa mwaka 1901 na kufia Ufaransa mwaka 1964 akiwa mke wa mkulima. Mwaka 1964! Wako wasomaji wa ukurasa huu waliokuwa wakisoma shule siku hizo.

Lakini aliyeniondolea usingizi ni Fatima wa Kilwa. Barua kongwe kabisa za Kiswahili zijulikanazo kubakia hadi leo, zilizoandikwa kwa herufi zetu za Kiarabu, ziliandikwa Kilwa mwaka 1711. Zilikuwa zikipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na rafiki zao. Na miongoni mwa waliozituma ni mwanamke, Mfalme Fatima. Ndiyo, mfalme. Neno malkia tumeliazima. Mfalme ni letu, na lugha yetu haikuwa na haja ya kuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Kwa hiyo anayejivunia maandishi ya Kiswahili, tangu washairi hadi sisi waandishi wa magazeti, amtafute mkubwa wake Kilwa. Ni yeye.

Na barua hizo ziko wapi? Ziko Goa, Bara Hindi, katika hifadhi ya nyaraka za Wareno. Aliyeandikiwa aliziweka. Alioandika wao, yaani sisi, hatukuweka hata nakala.

Mfano wa kinyume tunao, na ni wa karibu. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alikuwa bibi wa daraja katika nyumba iliyompinga Sayyid Said kwa silaha. Akiwa mgonjwa, mwaka 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi. Watu huunukuu utenzi huo harusini kuwaamrisha wasichana, wakausahau mwanzo wake, ambapo mama amwita binti aje akae naye, aje na wino na karatasi. Yaani kitu cha kwanza alichokitaka mama yule kutoka kwa binti yake, kabla ya utiifu wa aina yoyote, ni kuandika! Mwana Hashima akaandika, akatunza, akazeeka nao. Wazungu wawili, Werner na Hichens, walipouchapisha mwaka 1934, ulikuwa umekwisha kupita mikononi mwa wanawake wa Lamu na Siyu kwa zaidi ya miaka sabini.

Sasa yanipasa niseme langu, maana si haki kuwasema watu na kujificha.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa Likoni. Hakuwa malkia wala binti wa malkia, ila alikuwa mwanamke wa nyumba yenye nasaba, na katika chumba chake palikuwa na kasha la misumari ya shaba ambalo watoto hatukuruhusiwa kulikalia. Alipofariki nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Baada ya hitima wakubwa walilifungua. Nguo ziligawanywa, vyombo viligawanywa, yakabaki makaratasi, vikapu viwili vizima. Kila Muislamu wa pwani ajua tatizo la makaratasi hayo. Yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, huenda mna aya, huenda mna jina la Mwenyezi Mungu, basi hayatupwi jaani na hayafungiwi maandazi. Hutiwa moto kwa adabu, au huzikwa, au hutoswa baharini. Nikapewa mimi kazi hiyo. Nikachukua ngalawa Mtongwe pamoja na binamu yangu, tukayafunga na mawe, tukayatosa penye kina.

Kamba ya kikapu kimoja ililegea kabla ya kuzama, kurasa chache zikaelea. Nilikuwa najua kusoma. Niliona kwa macho yangu kwamba ukurasa ulio karibu haukuwa Kurani. Ulikuwa ni Kiswahili, na juu yake jina la mwanamke, na chini yake hesabu ya minazi na mipaka ya shamba. Ukurasa mwingine ulikuwa na mistari iliyogawanywa vipande vinne vinne, kama upangwavyo utenzi. Binamu yangu akausukuma kwa kasia. Mimi sikunyoosha mkono. Tulikuwa na haraka, palikuwa na mpira saa kumi.

Hivyo ndivyo tulivyowapoteza. Si kila kitu kilichukuliwa na Mreno na Mwingereza. Kilichowekwa na Mreno ndicho kilichosalimika. Kingine tulikitosa wenyewe, tena kwa ucha Mungu, na nia zetu zilikuwa safi. Na lililo gumu zaidi ni kwamba aghalabu ya makaratasi yanayotoka makashani ni ya wanawake, kwa sababu mwanamume karatasi zake huenda kwa kadhi, kwa wakili, benki na bandarini. Za mwanamke hubaki chumbani mpaka siku ya hitima.

Haya ya heshima na maandishi yana njia. Tenga kwanza, ndipo utose. Chenye aya kitengwe, kifanyiwe adabu yake. Chenye shairi, barua, deni, talaka, wakfu, dawa, mipaka ya shamba, kisomwe. Kama hapana nyumbani ajuaye kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wako wazee msikitini na wako walimu wa madrasa. Kila mtoto aliyekhitimu ana nusu ya ufunguo mkononi, ila hajaambiwa kuwa ni ufunguo.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mtongwe alinijia baada ya swala ya Ijumaa. Mamake amefariki, na ameacha kasha. Alitaka kujua kama namjua mtu mwenye mashua. Nikamwomba anipe siku chache kabla ya mashua.

Nilivuka feri Jumapili pamoja na yule binti wa ndugu yangu, kwa kuwa macho yangu hayanitoshi tena na simu yake yapiga picha nzuri. Kulikuwa na juzuu zilizochakaa, tukaziweka kando juu ya mkeka safi. Kulikuwa na stakabadhi za kodi ya nyumba. Chini kabisa kulikuwa na daftari la jalada jeusi, mwandiko wa kike, mdogo na uliosimama wima. Nikampa mtoto ajaribu. Akasema, "Ami, mimi sijui Kiarabu." Nikamwambia asome herufi tu, kama asomavyo chuoni, asitafute maana.

Akaweka kidole juu ya mstari, akaanza kutamka polepole, herufi kwa herufi, kwa sauti ya msahafu. Alipofika kati ya mstari alisita, akarudi nyuma, akasoma tena kwa haraka zaidi. Kisha akaniangalia, akacheka.

"Ami! Si Kiswahili hiki! Asema amemkopesha mtu pishi mbili za mchele, na hajalipwa."

Tumefika ukurasa wa kumi na nne. Yule mkopaji hajalipa bado.